Rameni karibu na stesheni ya Hakata: viti tisa na supu nzito

Mgahawa wenyewe wa rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, uko uchochoroni, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Hakata, mjini Fukuoka, Japani. Hauna meza. Kuna kaunta ya mbao na viti tisa, na ukuta uko karibu mno na migongo ya wateja, kiasi kwamba mtu akitaka kutoka, wenzake wote huinamia bakuli zao apite. Harufu ya mifupa utaipata kabla hujauona mlango. Siku ya kwanza ilinikera. Nilipoonja supu, niliisahau.

Kwanza niseme hili kwa ndugu zangu Waislamu: rameni ya Hakata ni tonkotsu, yaani supu ya mifupa ya nguruwe, na vipande vya nyama vilivyo juu ni nguruwe vilevile. Kuomba waondoe nyama hakusaidii kitu. Tokyo na Osaka kuna migahawa ya rameni ya kuku iliyo halali, itafuteni hiyo.

Malipo hufanyika mlangoni, kwenye mashine ya tiketi. Unaingiza pesa, unabonyeza kitufe, kinatoka kikaratasi cha kumpa mpishi. Mimi ilinitemea noti yangu ya yeni 1,000 mara tatu. Japani ilitoa noti mpya Julai 2024, na mashine hii ilikuwa bado inazijua za zamani tu, zile zenye sura ya Noguchi Hideyo, daktari aliyefia Accra mwaka 1928 akiitafiti homa ya manjano. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alinibadilishia noti kabla sijaomba. Nilimshukuru kwa kuinamisha kichwa, maana maneno sikuwa nayo.

Rameni ya kawaida nililipa yeni 850. Mpishi atakuuliza unataka tambi ziweje: kata ni ngumu kidogo, futsu ni za kawaida, yawa ni laini. Sema kata. Tambi za huku ni nyembamba, zinaiva upesi sana na huendelea kulainika ndani ya supu ya moto, kwa hiyo anayekula polepole anaharibikiwa. Ndiyo sababu bakuli huja na tambi chache. Ukikaribia kuzimaliza unaagiza kaedama, tambi tupu za nyongeza zinazotumbukizwa kwenye supu uliyobakiza. Mtindo huo unahusishwa na Nagahama, kwenye soko la samaki la mji huu, ambako wafanyakazi hawakuwa na muda wa kungoja chakula. Niliongeza yeni 150 na sikujuta.

Sasa supu. Ni nyeupe kama maziwa, kwa kuwa mifupa imechemka kwa moto mkali saa nyingi mpaka uboho na mafuta vikashikana na maji. Mimi nimekulia Mwanza, na midomo iliponata baada ya vijiko viwili, nilikumbuka supu ya makongoro ya asubuhi. Ladha ni tofauti, lakini uzito ni uleule, wa mfupa uliotoa kila ulichokuwa nacho. Kwenye kaunta kuna ufuta, kitunguu saumu cha kuponda na tangawizi nyekundu ya siki. Onja kwanza supu ikiwa peke yake. Tangawizi itie pamoja na kaedama, inakata mafuta vizuri.

Chumvi imezidi kwa mdomo wangu, na karibu theluthi ya supu niliiacha. Pia si mahali pa kupiga soga. Watu wanavuta tambi kwa sauti, wanamaliza, wanainuka, maana foleni iko nje. Familia ya watu wanne msitegemee kukaa pamoja.

Mara ya tatu nilikwenda saa tisa alasiri, foleni haikuwepo. Mpishi alipokea tiketi yangu, akanitazama, akauliza neno moja: "Kata?"