Siti ya basi la kawaida, Mbezi hadi Moshi: inamfaa mkimbiaji asiye na ajira?

Kati ya usafiri unaotoka Dar es Salaam kwenda Moshi kila siku, siti ya basi la kawaida ndiyo yenye nauli ya chini. Wengi wanaokwenda Kilimanjaro Marathon, mbio za Moshi za Jumapili ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na hawana mshahara wa kutegemea, huishia kwenye siti hiyo. Hapa tunaipima kwa jicho la mkimbiaji: mtu atakayekaa saa tisa au kumi, kisha siku ya pili yake au ya tatu adai miguu yake kilomita 42 au 21.

Hukumu yetu ni hii: kwenda, panda la kawaida. Kurudi, jikaze ulipie daraja la kati, lenye siti mbili kwa mbili. Na kabla ya yote hayo, lipia namba ya mbio na kitanda.

Tuanze na nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hupanga ukomo wake kwa kilomita. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Ukichukua kilomita 550 hivi mpaka Moshi, unapata kama 26,700 na 37,300. Tofauti ni elfu kumi na kidogo kwa safari moja. Angalia kiwango kinachotumika wiki unayosafiri, kisha ukilinganishe na kilichoandikwa kwenye tiketi. Tiketi iwe ya mfumo wa mtandao, yenye jina lako, namba ya siti na namba ya basi. Kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu hakikusaidii ukikuta mtu kakaa siti yako.

Pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kampuni. Mpiga debe analipwa kwa kujaza basi, kwa hiyo atakupeleka kwenye lile ambalo halijajaa. "Zimebaki siti mbili tu" mara nyingi maana yake zimebaki ishirini, na utakaa ndani ya joto mpaka zijae. Tena usingoje wiki ya mbio. Siti za Ijumaa ya kwenda na Jumapili jioni ya kurudi ndizo zinazowahi kwisha, na aliyekata tiketi ya kwenda tu hujikuta Jumapili anapokea siti yoyote atakayopewa.

Sasa siti yenyewe. Mabasi mengi ya daraja la kawaida yana siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Ile ya katikati kwenye watu watatu ndiyo mbaya kuliko zote. Huna dirisha la kuegemea, huna njia ya kunyooshea mguu, mabega yako yamebanwa pande mbili, na magoti yanagusa chuma cha siti ya mbele kila dereva akishika breki. Siti zilizo juu ya tairi zina sakafu iliyoinuka, hivyo magoti hupanda kuelekea kifuani na nyonga hukaa zimekunjwa njia nzima. Ukishuka, paja la nyuma limekaza kama kamba. Mstari wa mwisho kabisa hurusha kwenye kila tuta, na kutoka Dar hadi Moshi matuta ni mengi.

Omba siti ya njiani upande wa watu wawili, mstari wa nne hadi wa sita. Hapo uko kati ya tairi za mbele na za nyuma, mtikisiko ni mdogo, na mguu mmoja unaweza kuunyoosha kwenye njia konda akishapita. Kama unaweza kuchagua upande, kaa kulia kwa safari ya kwenda. Mchana basi likikata nyika ya Same na Mwanga, jua linapiga kushoto. Kulia una milima ya Upare na kivuli kidogo. Mwezi wa pili nyika ile ni tanuri, na mapazia ya basi la kawaida hayaaminiki.

Mabasi ya saa 12 asubuhi hufika Moshi jioni mapema, mambo yakienda sawa. Kuna kituo kimoja cha chakula, Korogwe au Mombo kwa kawaida, cha dakika 15 hadi 20. Dakika hizo huliwa na foleni mbili, ya choo na ya chakula, na dereva hapigi honi mara tatu. Kwa hiyo nenda na chakula chako: chapati mbili, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu nne, karanga kidogo. Usile mishikaki wala matunda yaliyokwishamenywa na kukatwa. Tumbo likichafuka Ijumaa, Jumapili halijakaa sawa.

Maji ndiyo kosa kubwa la abiria wa mbio. Watu huacha kunywa kwa kuogopa kubanwa, kwa sababu nje ya kituo kile kuna kuchimba dawa tu, mara moja au mbili, porini, kwa dakika tano. Matokeo yake wanafika Moshi mkojo wa rangi ya chai na kichwa kinagonga, wamebaki na siku moja ya kurudisha maji yote. Kunywa mafunda machache kila nusu saa, jumla kama robo lita kwa saa. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji inasaidia maji yakae mwilini badala ya kupita moja kwa moja. Na kila basi likisimama, shuka, hata kama huna haja. Tembea, zungusha nyonga, inua visigino mara ishirini.

Viatu vya mbio, bukta, namba yako na soksi viwe kwenye begi dogo unaloingia nalo ndani. Buti ya basi ina vumbi, ina madumu yanayovuja, na begi linaweza kushushwa Same kwa bahati mbaya. Nguo nyingine unaweza kuazima. Viatu ulivyovizoea miezi mitatu, huazimi.

Safiri Ijumaa. Anayeondoka Jumamosi anaokoa hela ya kulala usiku mmoja, lakini gari likiharibika Segera hana pa kushikia. Atafika usiku, utoaji wa namba umefungwa, naye alfajiri anatakiwa uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Miaka iliyopita namba zimetolewa Dar, Arusha na Moshi kwa siku tofauti. Kama tangazo la mwaka wako lina kituo cha Dar, chukua huko huko, ukiwa na kitambulisho chako. Usinunue namba ya mtu mwingine kwa bei ya kutupa: muda utasoma jina lake, na ukianguka njiani madaktari watatafuta ndugu zake.

Malazi ya Moshi hupanda bei wikiendi hiyo, kwa hiyo piga simu gesti miezi miwili kabla na utume nusu ya malipo kwa simu. Majengo, Njoro na Pasua kuna gesti za bei ya chini kuliko katikati ya mji, na hosteli za makanisa ni safi na zina utulivu. Uliza mambo matatu: maji yapo alfajiri? Kuna baa jirani? Lango linafunguliwa saa ngapi? La pili lina uzito kuliko watu wanavyodhani, maana Jumamosi ya mbio Moshi hailali.

Kuna mtego hapa. Gesti za Himo ni nafuu, na kwenye ramani kilomita 20 na ushei zinaonekana si kitu. Lakini mbio za kilomita 42 hutumia barabara hiyo hiyo ya kuelekea Dar kwa sehemu yake ya kwanza, kabla ya kurudi mjini na kupanda Mweka, mlimani. Asubuhi magari huzuiwa, na wewe unakwama kwenye daladala huku mbio zinaanza. Ukilazimika kulala nje ya mji, lala upande wa Boma Ng'ombe, barabara ya Arusha, na uwe na bodaboda mliyeelewana naye bei tangu jana yake.

Kurudi ndiko tunakosisitiza daraja la kati. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, hivyo unaweza kumaliza mbio, kuoga, kula mtori au ndizi nyama, na kupanda gari la Jumapili jioni bila kulipia usiku wa tatu. Lakini miguu iliyoteremka kutoka Mweka imevimba, na misuli ya mbele ya paja imechanikachanika kwa ule mteremko. Kuikunja saa kumi kwenye siti ya watu watatu ni kuitesa, na damu kutuama kwenye mashavu ya miguu ni hatari ya kweli. Elfu kumi ile inanunua siti mbili kwa mbili, mgongo unaolala na nafasi ya goti. Kaa angalau saa nne baada ya kumaliza kabla ya kupanda, tembea robo saa, na ndani ya basi zungusha vifundo vya miguu kila unapozinduka usingizini. Usimeze ibuprofen kabla hujakojoa mkojo mweupe, figo zilizokaukiwa haziipendi.

Treni ya TRC, Shirika la Reli, ni mpinzani wa haki. Safari za abiria kwenda Moshi zilirejea Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka ishirini, daraja la tatu likianzia shilingi 16,500. Unaweza kusimama na kutembea njiani, jambo zuri kwa miguu. Ila haitoki kila siku na inakesha njiani, kwa hiyo inakufaa tu siku zake zikiangukia kabla ya Ijumaa jioni. Vikundi vya mbio hukodi Coaster na kuchangishana. Inakuwa nafuu gari likijaa, mradi mwenye gari awe na kibali cha LATRA cha safari ile na dereva apate pa kulala. Anayetoka Mombasa apande treni inayosimama vituo vya njiani hadi Voi, kisha matatu ya Taveta, avuke Holili kwa pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Ni karibu mno kuliko kuzunguka Nairobi.

Hesabu ya mtu wa Dar, ukiacha ada ya mbio: kwenda 27,000, kurudi 38,000, usiku mbili tenga 40,000, chakula siku tatu 30,000, bodaboda na daladala 10,000, dharura 20,000. Jumla 165,000. Ukianza kibubu mwanzoni mwa Oktoba, ni 7,500 kwa wiki kwa wiki 22. Kwa mwenye vibarua vya hapa na pale, ni pesa ya siku moja kati ya saba. Ukifika Januari kibubu hakijafika nusu, hamia mbio za kilomita 21 za karibu na nyumbani na uweke akiba ya mwakani. Mikopo ya kausha damu ya kwenye simu usiiguse kwa ajili ya mbio: mbio zinaisha siku moja, marejesho yanaanza wiki hiyo hiyo na hayajui kama umepata kibarua.

Ile 20,000 ya dharura iwe noti mkononi, maana mtandao hukatika njiani na simu huzima. Ikunje, itie kwenye mfuko wa nailoni, iweke chini ya soli ya ndani ya kiatu unachosafiria, na isitoke humo mpaka ushuke Mbezi.