Fundi wa majoho hapa Amu: uzoefu wangu wiki ya mahafali

Kofia ya mahafali ya mwanangu ilitiwa boksi la biskuti ndani. Nimeliona kwa macho yangu, kitambaa kilipobanduka pembeni na maandishi mekundu yakachungulia. Naanza na hilo kwa sababu watu wananiuliza mbona nimeghadhibika hivi kwa nguo ya mtoto ya siku moja.

Wiki ile nyumbani hapakuwa na pa kuweka mguu. Watoto watatu, sherehe tatu, zote mwisho wa muhula wa tatu. Kifungua mimba anamaliza gredi ya tisa. Wa kati amekhitimu madrasa, anasomewa dua Ijumaa. Kitinda mimba, binti yangu wa miaka sita, anatoka PP2, mwaka wa mwisho wa nasari, kuingia gredi ya kwanza. Enzi zetu mtu alingoja tu matokeo ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, na joho tukiliona kwa bwana harusi. Siku hizi mtoto wa nasari naye analivaa, na mimi sioni ubaya, mtoto akifurahi nami nimefurahi. Dada yangu aliondoka Mombasa alfajiri, akavuka Mokowe alasiri na wanawe wawili na katoni la soda. Mavyaa akaja kwa boti kutoka Pate. Tukawa kumi na watatu ndani ya nyumba, na shuleni nilikuwa nimeahidi sambusa mia mbili.

Joho la nasari kila mzazi alijitafutia fundi: buluu, ukosi wa manjano, na kofia ya bapa yenye kishada. Nikaenda kwa huyu fundi kwa sababu kila mama alimsifu. Nikampa na kanzu ya wa kati papo hapo. Vipimo akachukua vizuri, akaandika kwenye daftari, nikamtumia arbuni ya shilingi 1,000 wiki tatu kabla. Akaniambia, "Ndoo Jumatatu mama, hutahangaika."

Jumatatu kanzu ilikuwa tayari, imetundikwa, imepigwa pasi. Joho? Kesho. Jumanne nikaambiwa stima ilikatika. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, nimemwona akiikanyaga miaka yote! Labda ovaloki ndiyo inayotaka stima, sitaki kumsingizia. Lakini ovaloki hufunga ncha za kitambaa, haishoni joho zima. Siku mbili hizo nimetoka Mkomani mpaka Langoni mara nne, jua la adhuhuri, nikijibana ukutani kupisha punda waliobeba mawe, na unga wa sambusa nimeuacha umefunikwa kitambaa.

Siku yenyewe sherehe ilikuwa saa tatu. Saa moja na nusu duka limefungwa, simu haipokelewi. Alifungua saa mbili kasorobo. Akachomoa joho kwenye lundo, akanirushia mkononi. Mikono yake ilipita vidole vya mtoto, upindo unaburura chini, na ukosi ni mweupe. Nikamwambia, "Fundi, hili si la mwanangu." Hata hakugeuka. Akasema, "Mama, huyu si ni wa nasari? Si chuo kikuu. Lipinde kwa pini, picha itatoka vizuri."

Kwenye benchi walikuwapo watu wanne. Mmoja akacheka.

Binti yangu nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa ameshasukwa, amevaa viatu vipya, na tangu alfajiri alikuwa akirudia shairi lake la beti mbili ambalo nyumba nzima tumelihifadhi kwa kulisikia. Akanyamaza. Mpaka tunafika shuleni hakusema neno, kisha akaniuliza, "Mama, nasari si shule?"

Fundi kuchelewesha nguo si jambo geni. Msimu wa Maulidi na Idi cherehani za mji huu hazilali, tunajua, tunavumilia. Hilo la kuchelewa ningelisamehe siku ile ile. Kumdunisha mtoto mbele ya watu, siku aliyoingoja mwaka mzima, hilo ndilo limenikaa hapa kooni.

Tulilipinda kwa pini sita. Alipoitwa, akapanda jukwaani ameliinua joho kwa mikono miwili. Cheti kinataka mkono. Akaachia, akakanyaga upindo, akaanguka kwa magoti, kofia ikabingirika, pembe ikafunguka. Boksi la biskuti hilo. Akainuka mwenyewe, akaivaa kofia upande, akasoma beti zote mbili bila kukosea herufi. Aliyelia ni mimi, na dada yangu.

Jioni nilitaka kuandika kila mtu amkimbie fundi huyu. Nilikuwa nishaanza. Baada ya isha mlango ukabishwa, ni yeye, ameshika joho lililofungwa gazetini. La buluu, ukosi wa manjano, kipimo sawasawa. Alikuwa amempa mama mwingine kwa makosa, akazunguka mpaka akalipata. "Nilichanganya, mama, niwie radhi." Mavyaa akamkaribisha kahawa. Binti akalivaa, akazunguka nalo uani, akakataa kulivua mpaka akalala nalo. Moyo ukanilainika kabisa. Nikasema basi, binadamu hukosea, na huyu amekuja kwa miguu yake.

Kabla hajavaa viatu akaniuliza salio la shilingi 800. Usiku ule! Nikalipa, kwa sababu mavyaa alikuwa akinitazama.

Mahafali ya kifungua mimba Alhamisi yalipita salama. Majoho ya shule, ya kukodi, yote marefu na hakuna aliyejali.

Ijumaa sasa lazima niseme haki. Ile kanzu, wa kati aliposimama kusomewa dua, ilimkaa kama amezaliwa nayo. Darizi ya shingoni ni kazi ya mkono, nyuzi zimelala, huoni alipoanzia wala alipomalizia. Wababa watatu waliniuliza imeshonwa wapi. Nikawaelekeza, na nilisema kweli: mkono wa mtu yule ni wa kushona. Mwenye kutaka kanzu aende, hatajuta.

Lakini hilo ndilo linalonirudisha kwenye hasira. Kumbe anaweza! Kanzu ya wa kati ilikuwa tayari tangu Jumatatu, ya mtoto ikatiwa boksi. Na usiku ule alipokuja aliniomba radhi mimi, akamwomba mavyaa, binti yangu amesimama pale pale mbele yake, hakumwambia chochote. Kwa hiyo nguo ya mtoto mdogo, hapana, msimpelekee. Nilikuwa nimewaza kusema nendeni ila mfuate mapema. Hapana. Msimpelekee.

Kofia iko juu ya kabati, sijaishona. Jumamosi nitampeleka binti yangu dukani, tumwekee juu ya cherehani, na fundi amjibu yeye mwenyewe kama nasari si shule.