Wageni kwenye daftari la kikoba: uzoefu wangu na ruhusa za Google Drive

Mimi ni katibu wa kikoba hapa Ngamiani, Tanga. Tuko watu 22. Tangu daftari la karatasi lilipoloa masika, hisa na mikopo naandika kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni linalokaa Google Drive, na nilikuwa najiona mjanja.

Jumapili moja akanipigia mama mmoja wa Makorora. Nikamwamkia, akaitika marahaba ya haraka haraka.

"Mwanangu, mimi nadaiwa laki tatu. Mbona hapa naona elfu thelathini? Mmenisamehe?"

Nikafungua faili. Juu, upande wa kulia, kulikuwa na vipicha viwili vya wanyama. Ndivyo Google inavyowaonyesha wageni wasiojulikana walioingia kwa linki. Waja leo waondoka leo, ila hawa waliondoka na sifuri yetu.

Kosa lilikuwa langu. Siku ya kwanza nilikwepa usumbufu wa kumruhusu mtu mmoja mmoja, nikaweka kwamba yeyote mwenye linki anaweza kuhariri, kisha nikaibandika kwenye grupu la WhatsApp. Linki ikishafowadiwa kwa shemeji, ndiyo imetoka hiyo. Historia ya matoleo ilinionyesha sifuri ilifutwa saa ngapi, lakini si nani aliyeifuta, maana aliyeingia bila akaunti hana jina pale.

Nikafunga: wapite walioongezwa kwa majina tu. Halafu nikaifungua linki kwenye dirisha fiche la Chrome, kama mtu baki. Ikanitaka niingie kwanza kwenye akaunti. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini, kwa sababu ukiwa ndani ya akaunti yako kila kitu kinafunguka, huwezi kujua jirani anaona nini.

Kumbe bado. Mwenzetu aliyejitoa na kuhamia Pangani akaniandikia, kwa nia njema kabisa, kwamba tarehe ya kikao nimeikosea. Kaionaje? Huyu nilishampa folda nzima zamani, na faili hurithi ruhusa za folda lilimo. Kufunga linki hakumwondoi mtu uliyemwongeza kwa barua pepe yake. Nikampigia kwanza, isije ikaonekana namfukuza, kisha nikamtoa kwenye folda lenyewe.

Sasa tunaohariri ni mimi na mweka hazina. Mwenyekiti anatoa maoni, waliobaki wanasoma. Kwenye alama ya gia, pale pale pa kushirikisha faili, nimezima ile ruhusa ya mhariri kuongeza watu wengine; usipoigusa huwa imewashwa. Pana pia ya kuwazuia wasomaji wasipakue wala kuchapisha. Hiyo nimeiacha, maana anayepiga picha ya skrini utamzuia vipi?

Kwa kikundi kama chetu ningemshauri mtu aitumie Google Drive. Akaunti ya bure inatoa GB 15, unazigawana na Gmail na picha zako, na daftari letu halijazitikisa. Bei yake ni kwamba sasa kila msomaji lazima aingie kwa akaunti yake.

Laki tatu ya mama wa Makorora imerudi mahali pake. Nywila ya Gmail ameisahau, kwa hiyo kila Jumapili namtumia picha ya mstari wake. Anaikuza, anahesabu sifuri, ndipo ananijibu.