Mashine ya 3L ya mtumba kwenye Hilux kongwe: inafaa kwa milima ya Pemba?

Asalaam alaykum ndugu zangu, karibuni tena. Leo tupo gereji, Chake Chake, na hii mnayoiona imelazwa juu ya tairi ni mashine ya Toyota 3L, ya dizeli, imeshatumika Japani. Hilo 3L ni jina la mashine, si lita tatu. Inaingia kwenye Hilux ile pale nyuma, gari ya ami yangu. Kazi yake ni ndizi na mihogo, na msimu ukifika ni magunia ya karafuu kutoka Konde. Mashine yake ya asili ni 2L na imekwisha: asubuhi haiwaki mpaka ibembelezwe, inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na mlimani ikiwa na mzigo inakwenda kwa gia ya kwanza.

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa gari ya mzigo hapa Pemba, 3L ni chaguo zuri, na mimi nainunua. Ila ukiifunga nyuma ya rejeta ileile kuukuu umeitia maradhi siku ya kwanza. Tutafika huko.

Kwanza, kwa nini tusiifanyie ovahoo hiyo 2L, yaani kuifungua yote na kuifanya upya? Ovahoo nzuri naipenda, na ikifanywa sawasawa inaweza kudumu kuliko mashine ya mtumba usiyojua ilikoishi. Tabu ni hilo neno sawasawa. Bloku ichongwe, pistoni na ringi ziwe za saizi mpya, beringi zibadilishwe, kranki ipimwe, na hedi ipelekwe kukaguliwa. Hedi ya gari hii ina ufa, kwa hiyo hesabu ya ovahoo imeshapanda kabla bloku haijaguswa.

Sasa ukubwa. 2L ina sisi (cc) 2446, yaani ujazo wa silinda zake zote. 3L ina 2779. Ipo na 5L, sisi 2986. Zote tatu ni ukoo mmoja, kwa hiyo gia boksi ya 2L inapokea 3L bila kuchomelea chuma wala kutengeneza bamba la kuungia. Hii ndiyo faida kubwa. Utasikia watu wanatia mashine za gari nyingine kabisa, halafu miezi inapita wanahangaika na nyaya na shafti. Na hizo sisi mia tatu na kitu za ziada, ndugu zangu, katika barabara ya zamani ya Chake kwenda Wete, panda shuka, kona juu ya kona, utazihisi. Usitarajie mbio, hii haina tabo (turbo) ya kuisukumia hewa. Utakachopata ni kupanda na mzigo bila kuinyonga.

Wakati wa kununua, rangi isikudanganye. Mashine ikioshwa na kupuliziwa rangi ya fedha inapendeza hata kama ndani imeoza. Mimi napenda inayokuja na gia boksi yake bado imefungwa, kwa sababu stata inakaa mahala pake, unaunga betri, unatoa hita plagi, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha, na kupima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, palepale chini. Mashine nzima ya aina hii inasoma karibu psi 450 kwenye geji. Ikishuka kukaribia 280 imechoka, iache. Na usitazame silinda moja tu: zikipishana kwa zaidi ya psi 70 hivi, kuna moja ina tatizo, hata kama nyingine tatu zinapendeza. Muuzaji akikataa kupimwa, mshukuru uondoke. Fungua na kifuniko cha oili. Ukiona utando wa rangi ya maziwa, maji yameshaingia ndani.

Jambo jingine: uliza imetoka gari gani. 3L nyingi sokoni ni za Hiace, na sampu ya Hiace, lile bakuli la oili la chini, haina umbo la sampu ya Hilux. Hii yetu ni ya Hiace. Fundi ameifungua, ametia sampu ya 2L pamoja na mrija wake wa kunyonyea oili na mikono ya kukalia mipira ya injini. Kwa hiyo mashine ya zamani usiiuze chakavu mpaka mpya iwake. Hita plagi nazo zina volti tofauti tofauti. Ukitia za volti 6 kwenye gari ambayo hita plagi zake ni za volti 12 zitaungua, kwa hiyo soma maandishi yake kwanza.

Mkanda wa taimingi, ule unaozungusha valvu zifuatane na pistoni, badilisha, usijadiliane na mtu. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi ya Hilux huwaka kilomita 100,000, lakini inahesabu gari yako, haijui mashine ya mtumba imetembea kiasi gani. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Badilisha pamoja na puli zake, pampu ya maji na sili ya nyuma ya kranki, maana leo vyote unavifikia kwa mkono. Klachi pia.

Sasa joto. Udhaifu wa ukoo huu wa L ni hedi. Ikipata moto kupita kiasi inapinda, au inapasuka baina ya valvu, na hapo unaona mapovu kwenye rejeta na moshi mweupe usiokwisha. Ufa wa ile 2L ya ami umetokana na hayo. Tuliifungua rejeta yake: nusu ya mirija imeziba chokaa, kwa sababu miaka yote inatiwa maji ya kisima. Feni haina lile duara lake la plastiki, na klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na mashine, inazunguka ovyo. Thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto, haipo kabisa, ilitolewa zamani ili gari "ipoe".

Mafundi wangu, nawaheshimu, lakini hili tuliache. Katika mashine hizi thamostati ina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji ndani ya mashine, ikishapata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya mashine bila kupita kwenye rejeta, na mlimani joto linazidi. Sisi tumetia thamostati mpya, rejeta nyingine, mipira mipya ya maji na kulanti, yaani maji ya dawa ya rejeta, na duara la feni limerudi. Ami alilalamikia gharama, nikamwambia ami yangu, bora tungoje wiki mbili mashine ikae chini kuliko tuifunge bila rejeta nzima. Akakubali.

Bei sitaji, kwani inabadilika kila kontena likishuka. Ila ukiwa na pesa ya mashine peke yake, bado hujawa tayari. Na kwa mwenye Hilux ya matembezi ya mjini Unguja, barabara tambarare, hana mzigo: tafuta 2L nzima, inakutosha. Kabla hujalipa, dai risiti yenye namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, na uilinganishe kwa macho yako, kwa sababu kadi ya gari itabidi irekebishwe, na bila karatasi hiyo utasumbuka.