Mikeka ya foma ya watoto kwa kutengenezea shoka la Kratos
Aisee hii mikeka ya foma ya kuunganisha, ile wanayotandikiwa watoto wacheze, mi nimeinunua Kariakoo nitengeneze Leviathan, lile shoka la barafu la Kratos, yule mpiganaji wa kwenye gemu ya God of War ya 2018, na nimeipenda sana. Unene milimita 12, kisu kikiwa kikali kinapita kama kwenye mkate ila kikianza tu kuwa butu foma inachanika kingo, so badilisha wembe mapema. Gundi chukua ile ya mafundi viatu, paka pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka ukigusa hainati kidoleni afu bandika, hapo haibanduki tena, na madirisha fungua maana harufu yake kali mno. Mpini nimepitisha bomba la maji ndani. Kilichoniuma, muuzaji aliniambia ni laini kote kumbe upande mmoja una vinundu, ikabidi nivifiche kwa ndani. Kabla ya rangi paka gundi nyeupe ya mbao mara tatu, la sivyo foma inafyonza rangi yote. Nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa vile vinundu.