Miwani ya polaraizi kwa mvuvi ambaye mkono umeanza kuwa mfupi

Kufunga ndoano ndiko kulikonifundisha kununua miwani. Nilikuwa bwawa la Nyumba ya Mungu, saa nne asubuhi, nimevaa miwani myeusi ya kupendeza niliyonunua mjini Moshi. Maji nayaona, boya nalifuata bila shida. Mshipi ukakatika. Nikashika ndoano mpya, na hapo mkono ukaanza kwenda mbali na uso, mbali zaidi, mpaka ukaisha urefu. Nikivua miwani, jua linanipiga. Nikiivaa, tundu la ndoano halionekani. Ndoano ile iliishia kwenye kidole gumba.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja: aliyevuka miaka 45 asichague miwani ya kuvulia kwa kutazama maji peke yake. Ajiulize kwanza ndoano ataifungaje, ndipo aulizie polaraizi. Orodha hii nimeipanga hivyo, na najua wenzangu wa Arusha wanaovua ziwa Duluti watanibishia namba tatu.

Kwanza, hiyo polaraizi yenyewe, maana wauzaji hulitaja neno hili ovyo. Jua likipiga maji kwa mshazari, sehemu kubwa ya mwanga unaoruka hutikisika kwa ulalo, sambamba na uso wa maji. Lenzi ya polaraizi ina utando unaozuia mwanga wa ulalo na kupitisha wa wima. Kazi yake huonekana zaidi ukitazama maji kwa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake; ukitazama chini kabisa, ubavuni mwa mtumbwi, faida ni ndogo, na ukilaza kichwa begani mng'ao unarudi. Wala haisafishi tope. Masika, Ruvu na Kikuletwa zikishusha udongo bwawani, hakuna miwani itakayokuonyesha kambare.

Namba moja: miwani ya kufunika. Ni ile mipana inayovaliwa juu ya miwani yako ya macho. Kama tayari una bifoko uliyopimiwa, yaani miwani yenye lenzi ya kuonea mbali juu na ya karibu chini, usitafute kingine. Sehemu ya chini ya bifoko inaendelea kukufungia ndoano, juu unaona boya, na wingu likitanda unavua kifuniko tu. Macho yakibadilika unabadilisha lenzi za ndani, kifuniko kinabaki kilekile. Sura yake si ya harusini, nakubali. Nenda dukani na miwani yako usoni ujaribishe. Kifuniko kikibana masikio, adhuhuri kichwa kitauma.

Namba mbili ni miwani ya jua ya polaraizi yenye kidirisha cha kusomea chini ya lenzi. Inamfaa anayeona mbali vizuri lakini gazeti limemshinda. Hapa namba ya nguvu ya kidirisha ndiyo kila kitu. Ikiwa uwezo wa jicho kujivuta karibu umekwisha, plasi 2.00 inakuonyesha vizuri umbali wa sentimita 50, na plasi 2.50 sentimita 40. Keti, shika uzi na sindano jinsi unavyofunga ndoano, mwambie mtu apime kutoka jichoni hadi kidoleni, kisha ndipo uagize. Angalia pia kidirisha kiwe kidogo na kikae chini kabisa. Kikipanda juu, ukishuka kwenye mawe miguu yako itaonekana kama iko ndani ya moshi, na ukingo unaoteleza hausamehe mzee. Tatizo lake ni upatikanaji: madukani si rahisi kuikuta, mara nyingi ni ya kuagiza.

Namba tatu, miwani ya polaraizi iliyotengenezwa kwa vipimo vyako. Kwa kuona, hii inazishinda zote. Nimeishusha kwa sababu ya gharama, na kwa sababu macho yetu hayatulii. Ukifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi mpya, vipimo vya jana havina kazi tena. Ukiamua kuinunua, mwombe mtaalamu bifoko badala ya progresivu, ile ambayo nguvu ya lenzi hubadilika polepole kutoka juu hadi chini, kwa sababu ileile ya mawe.

Klipu ya kubana juu ya miwani ni namba nne. Nyepesi, rahisi, lakini mwanga hupenya pembeni na juu, na hukwaruza lenzi za chini.

Mwisho kabisa ni ile ya kutembezwa kwenye masoko ya Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi, yenye kibandiko cha polaraizi. Si zote ni za uongo. Kabla ya kulipa, tafuta boneti ya gari inayong'aa juani au sakafu ya vigae iliyolowa, itazame kupitia lenzi, kisha zungusha miwani mpaka isimame wima. Mng'ao usipobadilika hata kidogo, hapo umeuziwa plastiki nyeusi. Hata ikifaulu, polaraizi na kinga ya miale ya UV ni vitu viwili: tafuta maandishi UV400, na duka la miwani lenye kipimo linaweza kukuthibitishia. Lenzi nyeusi isiyo na kinga ni mbaya, maana mboni inapanuka gizani na kuiachia miale njia.

Rangi nayo inawakosesha wengi. Jicho la miaka 60 linapokea ndani kama theluthi tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la miaka 20; mboni imebana na lenzi ya jicho imepata umanjano. Kwa hiyo usikimbilie nyeusi tii. Kahawia au rangi ya shaba huonyesha vizuri tofauti ya kivuli na samaki, na ndiyo ningeichagua kwa Duluti, ambako msitu unatupa kivuli ukingoni. Kijivu kinafaa bwawani, peupe, jua la saa sita. Kwenye mkono wa fremu nyingine kuna tarakimu ya giza: 2 inapitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, 3 inapitisha 8 hadi 18. Ya 4 iache, na usithubutu kuendeshea gari.

Na kama mng'ao unakusumbua hata usiku, taa za magari zikitawanyika kama maua, acha kwanza habari za miwani ya jua ukapimwe mtoto wa jicho. Moshi kuna idara ya macho katika hospitali ya KCMC.

Ukishanunua, funga kamba ya shingoni. Bwawa limeshameza miwani yangu miwili.