Mgeni alisema "faint", mimi nikasikia "fine": wiki 8 za Kiingereza cha vichekesho Kisauni

Nafanya kazi kwenye boti ya kioo, zile zinazotoka ufuo wa Bamburi, Mombasa, kupeleka wageni kutazama matumbawe na samaki. Shule niliachia darasa la sita. Kiingereza changu kilikuwa cha ufuoni: bei, saa, majina ya samaki, "no problem". Kilinitosha miaka 11, hadi siku mama mmoja wa Kizungu alipokaa ukingoni mwa boti, jua la saa saba liko utosini, akaniambia maneno niliyoyasikia kama "I feel fine". Nikamwinulia dole gumba. "Very good, mama!" Hata fungu la matumbawe hatujalifikia, mama pu, chini. Kumbe alisema "faint". Tulimlaza kivulini, tukamwinua miguu, akazinduka. Lakini yale macho ya mumewe sijayasahau. Yeye alichosikia ni mimi kumpongeza mkewe kwa kutaka kuzimia.

Kwa hiyo nilipoambiwa kuna darasa la jioni Kisauni linalofundisha Kiingereza cha huduma ya kwanza kwa vichekesho vya televisheni, nililipa siku hiyohiyo. Shilingi 4,000 kwa wiki 8, Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa tatu usiku, chumba cha juu ya duka la mabati. Jina lake naliweka kando kwa sababu nina malalamiko pia, na yatafuata.

Mwalimu ni dada aliyewahi kuwa muuguzi. Anaweka kipande cha dakika tatu au nne. Mara ya kwanza tunatazama tu na kucheka pale tulipoelewa. Mara ya pili anasimamisha kila sentensi. Mara ya tatu anazima sauti, na maneno tunayatia sisi. Nilimuuliza kwa nini vichekesho, akanijibu kwamba kwenye kanda za masomo watu wanaongea polepole kama wanasoma hotuba, na mtu aliyeungua hataongea nawe hivyo. Kwenye vichekesho watu hukatana kauli, hupayuka, humeza nusu ya maneno. Wiki ya kwanza nilitoka na kichwa kinaniuma. Wiki ya nne sikio lilikuwa limefunguka.

Kipande kilichotushika zaidi ni cha "The Office" ya Kimarekani, cha mwaka 2009. Wafanyakazi wanafundishwa kufufua mtu ambaye moyo umesimama. Mkufunzi anawaambia wabonyeze kifua kwa mdundo wa wimbo "Stayin' Alive", na mara ofisi inageuka ngoma, sanamu la mazoezi linachunwa uso. Tulicheka hadi jirani wa chini akagonga dari kwa fimbo. Hapo mwalimu akazima, akatuambia: jamani, mdundo huo ni wa kweli. Kifua cha mtu mzima hubonyezwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na aliyefundishwa hubonyeza mara 30 kisha akampulizia pumzi 2. "Push hard, push fast" nimeikariri pamoja na wimbo wake, na sidhani itanitoka.

Mr. Bean nilipomwona kwenye orodha niliguna. Huyu tumemtazama tangu utotoni hasa kwa kuwa hasemi, sasa Kiingereza kitatoka wapi? Kumbe ndiyo hila yenyewe: yeye hasemi, useme wewe. Kuna ile sehemu anamkuta mtu ameanguka kituo cha basi. Anafanya kila upuuzi, na ambulensi ikija anavuta umeme wa betri yake kuwashia kigari chake mwenyewe. Kazi yetu ilikuwa kumpigia kelele: "Is he breathing?" "Call an ambulance!" Mpishi mmoja wa hoteli alipandwa na hasira za kweli, akasimama mbele ya skrini akimfokea Bean kwa Kiingereza ambacho wiki iliyopita hakuwa nacho.

"Mind Your Language" ilinifurahisha nusu. Ni kipindi cha Uingereza cha 1977 kuhusu wageni wanaojifunza Kiingereza jioni London, yaani sisi wenyewe. Lakini kila mgeni amefanywa mjinga kulingana na kwao alikotoka, na kufikia kipande cha pili tulikuwa hatucheki sana.

Nilichokuwa nakikosa hasa ni vile vitenzi vya maneno mawili. "Pass out" ni kuzimia, "pass away" ni kufariki. Sisi Wakenya "pass-out" tunaijua ni gwaride la makurutu, kwa hiyo nusu ya darasa ilidhani mgonjwa amehitimu. "Come round" ni kuzinduka, "throw up" ni kutapika. Halafu "choking" na "joking", kupaliwa na kufanya mzaha. Hizo mbili tulizirudia Alhamisi nzima. Hata sehemu ya dharura hospitalini ina majina: Mmarekani anasema "ER", Mwingereza "A&E", na ukifika Makadara, hospitali yetu kuu hapa Mombasa, utaulizia "casualty". Simu nazo: Wamarekani wanapiga 911, Waingereza 999, na hapa kwetu ni 999 au 112.

Sasa malalamiko. Stima ilipotea mara tatu na vipindi hivyo havikufidiwa. Feni ni moja, watu 18, mwezi wa Februari, utajaza mwenyewe. Sanamu la mazoezi hakuna, tulibonyeza mto wa kochi, na mto haukufundishi kina cha sentimita 5. Vipande vyote ni vya Wamarekani na Waingereza, ilhali kwenye boti yangu Mjerumani na Mwitaliano ni wengi, na Kiingereza chao kina mapito yake. Cheti wanachotoa hakimaanishi unajua huduma ya kwanza. Ukitaka hiyo, nenda Msalaba Mwekundu, kama nilivyofanya baadaye. Vichekesho vyenyewe hupotosha: aliyepaliwa anapigwa kofi moja mgongoni na tonge linaruka hadi ukutani, aliyeungua anapakwa siagi, kama sisi tunavyopaka dawa ya meno. Sahihi kwa aliyeungua ni maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Bila mwalimu wa kusimamisha na kusahihisha, ningebaki na Kiingereza kizuri cha mambo ya uongo.

Mwezi uliopita tulikuwa na Waingereza wanne. Mmoja alikuwa akila embe huku akisimulia kitu, ghafla akanyamaza, mkono shingoni. Wenzake wakaendelea kucheka, wakidhani ni sehemu ya hadithi. Nikamuuliza, "Are you choking?" Akatikisa kichwa kukubali. "Cough! Lean forward!" Sauti hakuwa nayo. Nilimpiga kwa kiganja katikati ya mabega, na pigo la nne kipande kikatoka. Alipopata pumzi aliniuliza niliishi mji gani Marekani.

Nampa mwalimu alama 4 kati ya 5, chumba 2.

Nahodha wetu, Ami, ana miaka 60 na ushei na darasani hakuja. Siku ile alinivuta kando: "Mwanangu, hebu nifundishe na mimi." Nikamwambia, "Ami, tuanze na mawili." Sasa jua likikaza, mgeni yeyote akikaa ukingoni, Ami humwelekezea kidole kutoka kwenye usukani: "You fine or you faint?"